Kwa nini diski za retina zina pampu mbili za lipidi, na bado opsini inazivusha bila ATP?

Nuru_Biokemia

Habari za humu wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Niko mwaka wa mwisho wa biokemia na nimepewa semina kuhusu protini zinazovusha lipidi kwenye tando za seli za retina. Nimesoma hadi mahali nimekwama. Nikamuuliza mwenzangu, tukakwama wote wawili, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Ninachoelewa ni hiki. Sehemu ya nje ya seli fimbo (seli ya retina inayopokea mwanga) imejaa diski zilizopangwa moja juu ya nyingine, na utando wa kila diski una tabaka mbili za fosfolipidi. Tabaka moja linatazama saitoplazimu, la pili linatazama uwazi uliofungwa ndani ya diski. Kwenye utando huo huo nimekutana na protini tatu zinazohamisha lipidi kutoka tabaka moja kwenda jingine. Kuna ABCA4, iliyo ukingoni mwa diski, inayotumia ATP (molekuli ya nishati ya seli) kuchukua N-retinilideni-fosfatidiletanolamini (fosfolipidi iliyofungamana na retinali; nitaifupisha N-ret-PE) kutoka upande wa ndani na kuileta upande wa saitoplazimu. Kuna ATP8A2, nayo inakula ATP, inayopeleka fosfatidilserini na fosfatidiletanolamini huko huko saitoplazimu. Halafu kuna opsini, ile ile ya kupokea mwanga, ambayo haitumii ATP hata kidogo na inavusha fosfolipidi kwenda na kurudi bila kuchagua.

Sasa maswali yangu. Kwanza, kama opsini inavusha kila kitu huku na huku, si inaharibu kazi ya pampu? Kwa nini seli itumie ATP kupanga lipidi, halafu iweke protini nyingine ya kuzivuruga? Pili, kitabu chetu kinasema wasafirishaji wote wa familia ya ABC (ambamo ABCA4 imo) kwa binadamu hutoa vitu nje ya saitoplazimu. ABCA4 inaingiza. Kitabu kimekosea au mimi ndiye sijaelewa upande upi ni wa nje?

Naombeni maelezo ya kueleweka, si ya kukariri.

Kipeo

Karibu Nuru. Nikupe la msingi kwanza, wajuzi watakuja.

Fosfolipidi haivuki utando kirahisi kwa sababu kichwa chake kinapenda maji, na katikati ya utando ni mafuta matupu. Kukipitisha kichwa kile kwenye mafuta ni gharama kubwa ya nishati. Kornberg na McConnell walilipima jambo hili mwaka 1971 kwenye vifuko vidogo vya fosfolipidi visivyo na protini yoyote: nusu ya muda wa kuvuka ilikuwa saa 6.5 kwa nyuzi joto 30. Seli haiwezi kusubiri hivyo, hasa seli fimbo, ambayo inajenga diski mpya chini na kupoteza zile za juu kila siku. Ndiyo maana zipo protini za kuvusha.

Na hizo protini zigawe makundi mawili kichwani mwako. Zinazotumia ATP zina mwelekeo na zinachagua. Zisizotumia ATP, ambazo huitwa skramblasi, hazina mwelekeo: zinafungua njia tu, na lipidi inakwenda kule inakosukumwa na tofauti ya wingi. Ukishika hilo, swali lako la kwanza limeshaanza kujijibu.

TaaNyekundu

Marahaba mdogo wangu. Swali lako la kwanza ndilo lililonifanya nizipende protini hizi, kwa hiyo nivumilie, nitakuwa mrefu.

Mimi ni fundisanifu wa maabara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutenga sehemu za nje za seli fimbo kutoka kwenye retina za ng'ombe. Kazi hiyo hufanyika gizani, kwa taa nyekundu hafifu, kwa kuwa rodopsini karibu haiuoni mwanga mwekundu. Retina hutikiswa kwenye mmumunyo wa sukari, huchujwa, kisha huzungushwa kwenye sentrifyuji hadi unapata mkanda mmoja mwembamba wa rangi ya chungwa. Ukiwasha taa ya kawaida, mkanda ule unapauka mbele ya macho yako na kugeuka manjano. Rangi yote ile ni rodopsini, yaani opsini ikiwa bado imeshika retinali yake, ile molekuli inayonasa mwanga. Takribani asilimia 90 ya protini za utando wa diski ni hiyo moja. ABCA4 ni chache mno ukilinganisha, na imejipanga ukingoni tu, pale utando unapokunja kona. Zamani watu waliijua kama protini ya ukingo, na hawakujua inafanya nini.

Nayasema haya kwa sababu wingi wa opsini ni sehemu ya jibu lako.

Sasa chukua mielekeo uliyoieleza mwenyewe, uifikirie kama mishale. ABCA4 inapeleka lipidi wapi? Kwenye saitoplazimu. ATP8A2 inapeleka wapi? Huko huko. Pampu zote mbili zinasukuma upande mmoja! Diski ya seli fimbo ni mfuko uliofungwa kabisa, umejitenga na utando wa nje wa seli, na tabaka zake mbili zinalazimika kuwa na eneo linalokaribia kulingana. Pampu hizo zikifanya kazi peke yake, tabaka la upande wa saitoplazimu litajaa kupita kiasi na lile la ndani litapungukiwa, mpaka utando upinde na kuharibika. Lazima iwepo njia ya kurudi. Opsini ndiyo njia hiyo.

Fikiria mapipa mawili yaliyounganishwa chini kwa bomba, na watu wawili wanaochota kutoka pipa la kushoto na kumimina la kulia. Bomba halimpingi mchotaji. Bila bomba, pipa la kulia lingefurika na la kushoto likakauka, na uchotaji ungekoma.

Utaniuliza: sasa faida ya kuchota ni nini kama maji yanarudi? Hapa ndipo pampu na skramblasi zinapotofautiana, na ndipo watu wengi wanapopita haraka. Pampu inachagua molekuli, skramblasi inasawazisha idadi. ABCA4 inashika N-ret-PE, pia fosfatidiletanolamini yenyewe, basi. Inayorudi kupitia opsini ni fosfolipidi yoyote iliyo karibu, na karibu zote hizo ni safi, hazina retinali mgongoni. Idadi inarudi, mzigo haurudi. Na mzigo ukishafika upande wa saitoplazimu hauachwi ukizurura: retinali inajinasua kutoka kwenye lipidi, kisha kimeng'enya RDH8 kinaigeuza retinoli, nayo inatoka kwenda kwenye seli za epitheli ya rangi nyuma ya retina kufanyiwa ukarabati.

Labda niseme mzigo huo unatoka wapi, maana bila hilo semina yako itakuwa na pampu isiyo na sababu ya kuwepo. Mwanga ukipiga rodopsini, retinali yenye umbo la 11-sisi inanyooka na kuwa ya trans. Hiyo retinali iliyonyooka haina nafasi tena ndani ya opsini, kwa hiyo inaachiliwa na kuingia kwenye utando. Retinali ni aldehidi, na fosfatidiletanolamini ina amini kichwani. Zikikutana zinafungamana, na hiyo ndiyo N-ret-PE yako. Retinali ikiwa huru inaweza kupenya utando yenyewe. Ikishafungwa kwenye kichwa cha lipidi, inabaki upande iliofungiwa. Ikifungiwa upande wa ndani ya diski, imekwama humo, na RDH8 iko upande wa pili.

Kukwama huko kuna hatari ya kweli. N-ret-PE ikikaa muda mrefu inakutana na retinali ya pili, na mmenyuko unaofuata haurudi nyuma. Zinazaliwa molekuli zenye retinali mbili. Epitheli ya rangi inameza ncha za seli fimbo kila siku, inameza na molekuli hizo, na ndani ya mifuko yake ya umeng'enyaji inabaki A2E ambayo haina kimeng'enya cha kuivunja. Inakusanyika mwaka baada ya mwaka, inang'aa yenyewe ukiimulika kwa mwanga wa buluu, na mwishowe inaziua seli zile. Zikifa, seli fimbo na seli koni zinazozitegemea zinafuata.

Nuru_Biokemia

Asante sana mkubwa wangu, nimeelewa suala la mishale. Lakini naomba nikubane kidogo. Kama opsini ni nyingi hivyo na inavusha bila kuchagua, kwa nini isiivushe N-ret-PE yenyewe? Ikifika saitoplazimu RDH8 itaichukua retinali, nyingine itavuka kuziba pengo, hadi ndani kuishe. Hata bila ABCA4.

TaaNyekundu

Hapo umeuliza kama mtafiti.

Hoja yako kwenye karatasi haina kasoro. Ila panya wameshaijibu. Mwaka 1999 kundi la Gabriel Travis lilitangaza panya waliokosa jeni la ABCA4. Panya wale walikuwa na opsini yao yote, kamili, imejaa kwenye kila diski. Pamoja na hayo, N-ret-PE ilirundikana kwenye sehemu za nje za seli zao, A2E ikajaa kwenye epitheli ya rangi, na macho yao yalichelewa kurudia hali ya gizani baada ya kumulikwa mwanga mkali. Kwa hiyo njia ya opsini, hata iwe pana namna gani kwa fosfolipidi za kawaida, haitoshi kwa mzigo huu. Mimi naona ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye mada yako, na ningekuwa wewe ningeipa slaidi yake peke yake.

Kumbuka pia kwamba skramblasi, ikifanya vizuri kabisa, inafikisha usawa tu: nusu huku, nusu kule. N-ret-PE inashindana na muda. Kila nukta inayokaa ndani ni nafasi ya kukutana na retinali ya pili. ATP inanunua haraka na mwelekeo.

Sasa kitabu chako. Upande umeuelewa sawasawa. Uwazi wa ndani ya diski kwa asili ni nje ya seli: diski huanza kama mkunjo wa utando wa seli, kisha hujifunga. Kwa seli koni mikunjo hiyo hubaki wazi maisha yote, na humo unaona waziwazi kwamba "ndani ya diski" ni nje. Kwa hiyo kutoa lipidi humo na kuileta saitoplazimu ni kuingiza. Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa kwamba ABC za viumbe wenye kiini cha seli hutoa tu, na zinazoingiza ni za bakteria. Dalili zilianza mapema. Mwaka huo huo wa 1999, Sun, Molday na Nathans walionyesha kwamba retinali inachochea ABCA4 iliyosafishwa kuvunja ATP. Panya wa Travis nao walielekeza huko huko. Kipimo cha moja kwa moja kilikuja mwaka 2012 kutoka maabara ya Robert Molday, Chuo Kikuu cha British Columbia. Waliisafisha ABCA4, wakaiweka kwenye vifuko vya lipidi, wakaona inapeleka N-ret-PE na fosfatidiletanolamini kuelekea upande wa saitoplazimu, kwa ATP tu. Mwaka uliofuata maabara hiyo hiyo ikapima ndugu zake ABCA1 na ABCA7 kwa njia hiyo hiyo, na hao wakaonekana wanapeleka upande wa pili, kama kitabu chako kinavyosema. Familia moja, mielekeo miwili. Kitabu kimepitwa tu na wakati.

Mwaka 2021 makundi kadhaa yalitoa picha za ABCA4 kwa darubini ya elektroni ya baridi kali. Ni protini kubwa, asidi amino 2,273, na vichwa vyake viwili vimejitokeza ndani ya diski. N-ret-PE inaonekana imekaa kati ya nusu mbili za protini, karibu na upande wa ndani, yaani pale pale inapopaswa kuchukuliwa. ATP ikifunga upande wa saitoplazimu, umbo linabadilika na nafasi ile inajifunga. Zitafute picha hizo, zinasaidia kuliko maneno yangu.

Mama_Wawili

Samahanini wataalamu, mimi si mwanasayansi. Mwanangu mkubwa amegundulika na ugonjwa wa Stargardt na karatasi ya vipimo imeandikwa ABCA4, ndiyo nikaangukia hapa. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kitu hicho kinafanya kazi gani. Haoni vizuri katikati, kusoma kunamsumbua, pembeni bado anaona. Nauliza mawili. Watu wananiambia nimpe vidonge vya vitamini A kwa sababu ni vya macho. Nimpe? Na kama protini imeharibika, hakuna namna ya kumwekea nzima?

TaaNyekundu

Pole sana dada, na hakuna haja ya kuomba samahani.

La vidonge nalijibu bila kuzunguka: kwa Stargardt inayotokana na ABCA4, vidonge vya vitamini A vya nyongeza havishauriwi. Umesoma hapo juu retinali inatoka wapi. Retinali ni vitamini A iliyogeuzwa umbo. Pampu yake ni dhaifu, na ukiongeza malighafi unaongeza kile kinachokwama. Wanaokushauri wanakutakia mema, kwani kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A, akawa haoni usiku, vidonge hivyo huokoa macho. Huo ni ugonjwa mwingine. Lakini usimnyime chakula cha kawaida, maana bila vitamini A kabisa hakuna rodopsini. Kinachoepukwa ni nyongeza ya vidonge, na mafuta ya ini la samaki yamo humo humo. Miwani ya kukinga jua kali pia hupendekezwa. Mpeleke kwa daktari wake na swali hili hili la vidonge, umwonyeshe chochote ambacho alishaanza kutumia.

Kuona kwake pembeni kunaendana na ugonjwa: huanzia makula, sehemu ya katikati ya retina tunayotumia kusoma na kutambua nyuso. Karl Stargardt, daktari wa macho wa Ujerumani, aliueleza mwaka 1909. Jeni lake likapatikana mwaka 1997. Mtoto huwa amerithi nakala yenye kasoro kutoka kwa kila mzazi, na wazazi wenyewe kwa kawaida wanaona vizuri. Hakuna aliyekosea kitu, si wewe wala baba yake.

Kuhusu kumwekea protini nzima, tatizo ni ukubwa wake. Virusi vidogo vinavyotumika kupeleka jeni kwenye retina vinabeba takribani herufi 4,700 za DNA. Maelekezo ya ABCA4 peke yake ni kama 6,800. Hayaingii. Kwa hiyo watafiti wanayagawa vipande viwili kwenye virusi viwili, viungane vikifika ndani ya seli. Njia nyingine haigusi jeni: ni vitamini A ambayo baadhi ya hidrojeni zake zimebadilishwa kwa hidrojeni nzito. Inafanya kazi ya kuona kama kawaida, ila inachelewa sana kuungana na mwenzake kutengeneza zile molekuli mbovu. Zote mbili zimeshafikia majaribio kwa binadamu. Muulize daktari kama kuna majaribio yanayopokea watoto wa umri wake, na uweke vizuri ile karatasi ya vipimo vya jeni, ndiyo watakayoitaka kwanza.

Mama_Wawili

Mungu akubariki. Vidonge nilishanunua, sitampa. Karatasi nimeihifadhi.

Nuru_Biokemia

Mama Wawili, nakuombea wewe na mtoto. Nilikuwa naisoma ABCA4 kama herufi tu, kuanzia leo siwezi tena.

Mkubwa wangu, la mwisho. Profesa wetu hupenda kuuliza "umejuaje?" Nikisema opsini inavusha lipidi, ushahidi wake ni upi? Na inafanya hivyo ikipigwa mwanga tu, au na gizani?

TaaNyekundu

Hicho kipimo nimekifanya kwa mikono yangu na ni miongoni mwa vipimo vizuri nilivyowahi kuviona, kwa hiyo nakueleza kwa furaha.

Unatengeneza vifuko vya fosfolipidi na kuchanganya humo kiasi kidogo cha lipidi iliyobandikwa rangi inayong'aa. Lipidi hiyo inajigawa karibu sawa, nusu tabaka la nje la kifuko, nusu la ndani. Kisha unaweka dithioniti, kemikali inayozima rangi hiyo lakini haiwezi kupenya utando. Kifuko kisicho na protini: mng'ao unashuka hadi karibu nusu na kusimama hapo, mstari umelala kwenye skrini, kwa sababu nusu ya ndani imejificha. Kifuko chenye opsini: mng'ao unashuka, unapita nusu, unaendelea kushuka. Lipidi za ndani zinaletwa nje na kuzimwa. Kinachobaki mwishoni ni hasa vifuko ambavyo havikupata protini. Hakuna ATP popote kwenye mchanganyiko. Ukiuona mstari ule unapita nusu bila kusita, hutauliza tena kama opsini inavusha.

Maabara ya Anant Menon ilitangaza jambo hili mwaka 2011. Mwaka 2014 wakarudi na jibu la swali lako la pili: rodopsini ambayo haijapigwa mwanga, opsini tupu, na umbo linaloiga ile iliyoamshwa, zote zilivusha, na kwa kasi inayozidi lipidi 10,000 kwa sekunde kwa kila protini. Kazi ya kuvusha haitegemei kazi ya kuona. Ipo mchana na usiku.

Kwa hiyo kwenye mchoro wako, ABCA4 na ATP8A2 zichoree mshale wa upande mmoja, kuelekea saitoplazimu, na ATP iandikwe pembeni yake. Na usiisahau CDC50A, protini mwenza ambayo ATP8A2 haikai sawa bila hiyo. Opsini ichoree mshale wenye vichwa viwili, usio na ATP na usio na alama ya mwanga. Profesa akikuuliza kwa nini huna alama ya mwanga pale, mpe matokeo ya 2014. Ukimaliza semina, rudi utuambie walikubana wapi.